Mfamasia Alipokuwa Dirishani

Siku hizi dawa za saratani hufika wodini zimeshachanganywa, kila mfuko una jina la mgonjwa, dozi na saa ya mwisho ya kutumika. Enzi zetu tulichanganya wenyewe, wauguzi, kwenye meza ileile ya kuandikia ripoti, feni ikizunguka. Doksorubisini, nyekundu kama juisi ya rozela, ikiruka kutoka kwenye bomba la sindano tunafuta kwa pamba, kazi inaendelea. Jioni kichwa kinagonga na mdomoni kuna ladha ya chuma. Tulisema ni uchovu. Wajawazito nao walipangiwa zamu kama kawaida, ilhali tangu 1979 watafiti wa Finland walikwisha kukuta kwenye mkojo wa wauguzi wanaoshika dawa hizo dalili za kemikali zinazoharibu vinasaba. Kwetu habari hiyo ilichelewa mno.

Na mfamasia? Alikuwa huko chini, nyuma ya dirisha lenye nondo: “Kimoja kutwa mara tatu, baada ya chakula.” Ndiye aliyesomea dawa miaka minne chuoni, nasi hatukumwuliza lolote. Daktari anaandika, muuguzi anatekeleza, basi. Mgonjwa aliyeanza mzunguko wa kwanza ana kilo 62 anarudi wa nne amebaki na 49, dozi inanakiliwa vilevile kutoka kwenye faili. Nyingi ya dawa hizi hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, lakini nani angekokotoa upya na benchi limejaa hadi koridoni?

Msije mkadhani ni umaskini tu. Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, alifariki Desemba 1994 akitibiwa Dana-Farber, taasisi yenye jina kubwa Marekani. Siklofosfamidi iliyokusudiwa kugawanywa kwa siku nne alipewa yote kila siku, siku zote nne. Kosa lilikuja kuonekana Februari iliyofuata, na aliyeliona ni karani wa takwimu.

Binti mfamasia aliyeletwa kwetu nikikaribia kustaafu alianza kwa kuuliza mizani iko wapi. Kabla ya sisplatini anataka majibu ya figo. Doksorubisini anaijumlisha tangu dozi ya kwanza, maana ikizidi kiasi moyo huchoka, na huenda usipone hata matibabu yakiisha. Vinkristini haitoki kwake ndani ya bomba la sindano. Anaiweka kwenye mfuko mdogo, kama Shirika la Afya Duniani lilivyohimiza mwaka 2007, isije ikachomwa kwenye uti wa mgongo na kuua. Mizizi ya nyumbani anaiulizia bila kukemea, ndiyo maana anaambiwa ukweli. Na huirudisha karatasi: “Dokta, naomba tuitazame tena hii dozi.” Zamani muuguzi aliyethubutu hivyo aliitwa mjuaji, akahamishiwa wodi nyingine.

Mwaka jana alikwenda likizo ya uzazi, hakuwekwa wa kushika nafasi yake. Kuchanganya kukarudi kwa wauguzi. Nilipopata habari nilipiga simu kuuliza dozi zinahakikiwa na nani, nikajibiwa: daktari aliyeziandika.