Vumbi la Naivasha na usukani wa sebuleni

MJI wa Naivasha uko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Siku za kawaida, wageni huenda huko kuwaona viboko, kula samaki na kupunga upepo wa ziwa. Lakini wiki ya Safari Rally ikiwadia, barabara ya Moi South Lake hufurika magari, na watu hupanda juu ya miamba tangu alfajiri wakingojea vumbi litimke.

Vijana wengi wa mjini huyaendesha mashindano hayo kwenye skrini kabla ya kukanyaga Naivasha. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizomo katika mchezo wa video wa Colin McRae Rally 2.0 uliotoka mwaka wa 2000. Ikarejea katika WRC 9 mwaka wa 2020, kisha art of rally mwaka wa 2021 na EA Sports WRC mwaka wa 2023.

Ndiposa mzazi anayeombwa kununua mchezo wa magari hujikuta njia panda. Je, achukue ule wa akedi, ambao ni rahisi na wa kuchangamsha, au ule wa simulesheni, unaojaribu kuiga gari halisi? Kabla ya kwenda dukani, ni vyema ampeleke mtoto katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na mji huo.

Mbuga hii ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Ukiingia, njia hupita kati ya kuta za mawe mekundu, huku pundamilia na swara wakilisha kando. Ni humu ambamo Safari Rally ilimalizikia mwaka wa 2021, iliporudi katika mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002.

Mtazame mtoto anapoteremka mlimani. Akifika penye udongo mgumu hucheka na kupiga kelele. Akifika penye mchanga, gurudumu la mbele huzama na usukani hukataa kumtii. Katika dakika hiyo moja ameionja michezo yote miwili.

Mchezo wa akedi ni ule mteremko wa udongo mgumu. Ulizaliwa katika kumbi za starehe, kwenye mashine za kutumbukizia sarafu, kama vile Ridge Racer ya 1993 na Sega Rally ya 1994. Gari moja katika Sega Rally lilikuwa Toyota Celica, na mwaka huohuo wa 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari akiendesha Celica. Mwenye mashine alitaka mteja afurahi mara moja, kisha muda umwishie ili atoe sarafu nyingine. Kwa hiyo gari la akedi hukata kona bila kupunguza mwendo mno, na likigonga ukuta hudunda na kuendelea.

Simulesheni ni ule mchanga. Mjapani Kazunori Yamauchi aliupa umaarufu mtindo huu kwa Gran Turismo ya 1997. Humo, ukikanyaga breki, uzito wa gari hulalia magurudumu ya mbele. Ukikata kona ukiwa na kasi kupita kiasi, matairi huteleza. Richard Burns Rally ya 2004 ilikuwa ngumu zaidi, na ilibeba jina la Mwingereza aliyeshinda Safari mwaka wa 1998 na 2000. Katika mchezo huo, jiwe moja laweza kukuharibia gari na kuyamaliza mashindano yako.

Na ndivyo ilivyo Naivasha kwenyewe. Vumbi la huko ni laini kama unga, na chini yake hujificha mawe. Mvua ikinyesha, njia hugeuka tope. Mwaka wa 2021, Mbelgiji Thierry Neuville alianza siku ya mwisho akiongoza, lakini shokomzoba ya nyuma ikavunjika katika kipande cha Loldia. Ushindi ukamwendea Sébastien Ogier wa Ufaransa. Ogier hakuwa na mwendo wa kasi kuliko wote kila mahali, lakini gari lake lilifika.

Basi mzazi achague vipi? Swali la kwanza si lile la picha nzuri, bali ni hili: mchezo humfanya nini anayekosea? Ikiwa nyumbani kuna watoto wanne, runinga moja na binamu wanaokuja Jumapili, akedi itawafaa zaidi. Kila mmoja atapata zamu yake, na hata shangazi ambaye hajawahi kushika padi atacheka nao.

Ikiwa ni mwanafunzi mmoja mwenye subira, anayependa kujua kwa nini gari liliteleza, mnunulie simulesheni. Hata hivyo, usikimbilie kununua usukani na pedali, kwani bei yake huweza kuupita ule mchezo wenyewe mara kadhaa. Aanze na padi. Aache misaada ya breki na gea ikiwa imewashwa, kisha aizime mmoja mmoja kadiri anavyozoea. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mchezo huu huthibitisha hivyo katika kona ya kwanza.

Lakini lipo jambo ambalo hata simulesheni bora haiwezi kutoa. Gari la skrini likipinduka, kuna kitufe cha kuanza upya. Mwaka wa 2023, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya. Kijana aliyeshinda mara hamsini sebuleni bado hajaendesha gari hata mara moja. Hajawahi kuwa na abiria nyuma yake, wala mtoto wa shule anayevuka mbele yake. Leseni hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, akafunzwa na kutahiniwa, na mzazi asikubali kubembelezwa kuhusu hilo.

Kwa hivyo beba maji na kofia, ondoka Nairobi mapema jua likiwa bado pole, na umwachie mtoto aendeshe baiskeli mbele. Akianguka mchangani, mwulize gari lingefanya nini mahali hapo. Jibu lake litakuonyesha mchezo wa kumnunulia.