Alimchora mwizi wa maji bila kuandika jina, mwenyewe akajitokeza!

Kuna mchora katuni mmoja Dar ambaye wengi wenu mmeshashea kazi zake bila kumjua sura. Jina lake halitajwi hapa, mwenyewe hapendi, na ukimaliza kusoma utajua kwa nini. Akiulizwa sanaa kasomea chuo gani, anacheka tu: "Mashine ya kusaga, Vudee."

Vudee iko milimani, wilaya ya Same, Upareni. Maji ya huko ndiyo yanateremka Bangalala mpaka tambarare ya Makanya, na kwa watu wa kule maji sio mchezo kabisa. Toka zamani Wapare wana ndiva, yaani mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Ukifungua siku isiyo yako, mahindi ya mwenzako yanakauka, na mwenzako naye ana watoto wa kulisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 jamaa alikuwa darasa la sita. Shule yake ya katuni ilikuwa nakala chache za jarida la Sani, zimechakaa, zimepanda mlima na abiria wa basi. Humo akakutana na Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Baba yake naye alimsimulia habari za Chakubanga, yule wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Dogo akashtukia jambo: hawa wote si watu wa kweli, lakini kila anayesoma anasema, "Huyu si fulani kabisa!"

Mwaka huo kukawa na mtu anafungua ndiva usiku. Wote wanamjua, hakuna anayesema, kwa sababu ni mtu mzima mwenye heshima zake. Dogo akachukua mkaa, akachora kwenye ukuta wa mashine: mzee kashika jembe, kofia imelalia sikio moja, suruali kaikunja mguu mmoja tu, maji yanamfuata nyuma kama mbwa. Jina hakuandika.

Kufika saa nne foleni nzima ya kusaga inacheka. Mzee akaja juu kama moto, akaenda kwa wazee wa kijiji kushtaki. Sasa si mnaujua ule utani kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku? Basi huyu kesi yake ilikufa dakika ya kwanza. Mzee mmoja alimuuliza taratibu, "Ndugu yetu, umejuaje kuwa ni wewe?"

Kimya.

Dogo hakuchapwa. Alipewa ndoo na kitambaa, akaambiwa asugue ukuta mpaka ung'ae. Na zamu za maji, anasema, msimu ule zilifuatwa.

"Ningeandika jina ningemtukana baba wa watu mbele ya wajukuu zake," anasema leo. "Bila jina, nilimwachia mlango wa kutokea."

Ndiyo hesabu aliyokuja nayo mjini, wakati magazeti binafsi yameanza kuwa mengi baada ya vyama vingi kurudi 1992. Mwaka huohuo Gado, mtoto wa Dar, alikuwa anahamia Nairobi kuchora Nation. Gado yeye anamchora kiongozi waziwazi, na ana haki, maana rais ni mtu wa umma. Ila gharama ipo: Januari 2015 The EastAfrican lilizuiwa Tanzania, serikali ikisema halijasajiliwa, Gado mwenyewe akalihusisha na katuni yake ya Rais Kikwete. Jamaa wa Vudee anamvulia kofia. Lakini yeye anachora wasio na mlinzi wala msemaji: mpangaji, bodaboda, mama mwenye nyumba, shemeji anayekopa. Hao ukiwaandika jina umewamaliza.

Sasa mtandao umemvurugia. Miezi michache iliyopita alichora dada anayehesabu pesa za mchango wa msiba huku nyingine zinaingia kwenye pochi. Mtu akaikata picha, akaandika jina la dada mmoja wa kweli, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Yule dada ndiye aliyekuwa mweka hazina. Hakuwa ameiba hata mia, daftari lilionyesha kila kitu. Lakini ukuta wa mashine unasuguliwa, grupu utalisugua na nini?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na dada aliambiwa aende polisi. Hakwenda. Alihama mtaa.

Jamaa hajaacha kuchora. Alichobadilisha ni kimoja: zamani aliacha nafasi nyeupe juu ya vichwa vya watu wake, siku hizi anaijaza mawingu, nyaya za umeme, kunguru, nguo za kuanikwa. Mashabiki wanalalamika katuni zimekuwa na fujo. Yeye anajibu kwamba hataki kumwachia mtu pa kubandika jina.