Samadi Peke Yake Haitoshi

Watu wengi hudhani ya kuwa shamba lililopata samadi halina haja ya kitu kingine. Shamba alilotuachia marehemu baba, karibu na Kakamega, lilitiwa samadi kila mwaka, walakini maharagwe yalikuwa manjano na mahindi mafupi. Ndugu zangu walinena liuzwe. Mimi niliomba udongo upimwe kwanza. Kipimo kilionyesha 4.8, yaani udongo mchachu sana. Chini ya 5.5 alumini iliyomo ardhini huyeyuka ikaumiza mizizi, na fosforasi hufungika, mmea usiipate. Dawa yake ni chokaa ya shambani, nayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, kwa hiyo haipingani na kilimo cha samadi. Tuliitia kwa kadiri tuliyoambiwa, majuma kadhaa kabla ya kupanda, wala hatukuichanganya na samadi mbichi, nguvu yake isije ikapotea hewani. Wenye chai wasifuate mfano huu, maana mchai hupenda uchachu. Leo mama anavuna maharagwe, na habari za kuuza zimekwisha. Basi, ndugu msomaji, pima kwanza, ndipo utie.