Mvuke Mweupe wa Chumba cha Kupimia

Kwetu Masisi mtoto hufundishwa kuogopa mazuku kabla hajajua kuhesabu. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikituama mabondeni upande wa Sake. Mbuzi akiteremka humo asubuhi, mchana anakutwa amekufa bila jeraha. Haina rangi wala harufu. Basi tulikua tukiamini kwamba hewa iuayo ni ya shimoni, na kwamba mwali wa taa ukisimama imara, mtu yuko salama. Imani hiyo niliibeba hadi Walikale nilikopata kazi ya kupima kasiterite, mawe yenye bati, nayo nusura imuue kijana niliyekuwa nikimfundisha.

Mzigo wa mgodi wa Bisie ulishuka migongoni mwa watu, gunia la kilo 50, kwa miguu msituni mpaka Njingala, kisha ukapelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami. Mnunuzi alitaka kujua kama mchanga ule mweusi ni kasiterite kweli au ni mawe ya chuma. Mkono wenye uzoefu huhisi uzito: kasiterite inakaribia mara 7 ya uzito wa maji. Lakini mkono hubishaniwa. Kwa hiyo tulipasua betri ya tochi iliyokwisha, tukachukua ganda lake la zinki, tukaweka chembe chache juu yake na kudondoshea asidi hidrokloriki. Huchemka kidogo. Baada ya dakika chache chembe ya kasiterite inajivika ngozi ya kijivu, na ukiisugua kwa kitambaa inang'aa: hilo ni bati lenyewe. Jiwe la chuma halivai ngozi hiyo.

Hatari ilikuwa kwenye dumu la asidi hiyo. Asidi kali ikifunguliwa hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo hupenda maji kuliko kitu chochote. Hewa ya Walikale imejaa unyevu, ndiyo maana mdomo wa dumu ulitoa mvuke mweupe. Gesi isiyokutana na maji hewani huyatafuta machoni, kooni na mapafuni, na huko inageuka asidi tena. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, kwa hofu ya wezi. Alasiri moja ya mvua, mlango ukiwa umefungwa, kijana alimimina asidi kwenye chupa ndogo, dumu likamponyoka. Nilipoingia, taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

"Papa, kifua inaniunguza," aliniambia.

Nilimpa maziwa, nikamwambia akalale. Jioni alisema amepata nafuu. Usiku wa manane alikuwa anahema kwa kukoroma, povu mdomoni. Mapafu yaliyounguzwa na gesi hii yanaweza kukaa saa kadhaa kabla ya kujaa maji, na mimi sikulijua hilo. Alipona, lakini hadi leo hapandi kilima bila kusimama njiani.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kila gesi ina shahidi wake. Mwali huzimika hewa ukaa inapokuwa nyingi. Moshi wa motopampu ndani ya shimo, ingawa huua, hauuzimi, wala hidrojeni kloridi ya kiasi cha kumuumiza mtu haiuzimi. Pua huishika hidrojeni kloridi mapema kwa ukali wake, lakini mtu akishinda nayo kutwa pua huizoea na kunyamaza. Karatasi ya bluu ya litimasi iliyoloweshwa hugeuka nyekundu. Kijiti chenye pamba iliyochovywa amonia, kikipitishwa karibu na mfuniko unaovuja, hutoa moshi mzito mweupe pale pale penye ufa; hicho nakipenda kuliko vyote, maana kinakuonyesha mahali. Lakini hakikwambii kiasi cha gesi. Kwa hilo kuna mrija wa kioo wenye kemikali inayobadilika rangi: unavuta hewa kwa pampu ndogo, unasoma urefu wa rangi. Kikomo cha kazini huko Marekani ni sehemu 5 kwa milioni, kisichovukwa hata kwa dakika moja. Kwenye 50, mtu yuko hatarini.

Niliporudi Masisi baada ya serikali kusimamisha uchimbaji mwezi Septemba 2010, nilikuta jambo jingine. Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ambao upepo mara nyingi huuleta kwetu magharibi, una hidrojeni kloridi hii hii pamoja na gesi ya salfa, na mvua inayoupitia huja na asidi. Ukilowesha litimasi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati, inageuka nyekundu kabla hujafungua dumu. Lowesha kwa maji uliyoyajaribu kwanza.

Mwenye depo ya madini, hamishia dumu lako nje leo, chini ya paa lisilo na kuta. Toboa dirisha, weka nondo kama unaogopa wezi. Na anayekohoa baada ya mvuke mweupe asipelekwe kitandani kwake. Mpeleke hospitali, akeshewe usiku huo mzima.