Mita sitini za ufukwe

Nilipokuwa mtoto, ufukwe wetu wa Ziwa Victoria, upande wa Bukoba, ulitawaliwa na mikaratusi. Baba mkubwa aliipanda hadi ukingoni kabisa na hakuna aliyemlaumu. Mti huo wa Australia hukua upesi, huuzwa nguzo na kuni, na ukikatwa huchipua tena. Mafunjo yalihesabiwa kuwa makazi ya mbu na chatu tu. Yalifyekwa, yakachomwa, pakapandwa magimbi. Mikuyu michache ilinusurika kwa sababu wavuvi walihitaji kivuli cha kushonea nyavu.

Sheria ya Mazingira ya 2004 ikaja na katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Kijijini ilipokewa kama sheria ya kufukuza wakulima, na kuhusu mti wa kupanda hapo hatukusikia neno. Yaliyotugeuza ni maji yenyewe. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kiasi, mwalo ukazama, ukingo ukamegeka na mikaratusi yake. Palipobaki mafunjo, mawimbi yalifika nchi kavu yakiwa yamechoka.

Tulipoamua kuupanda upya ukingo, tulimwendea mama mdogo, mwenye kitalu cha miche. Nilipomuuliza tupande nini, alijibu, “Kwanza nionyeshe maji yalikofika, mwanangu.” Kwenye tope tukarudisha mafunjo kwa vipande vya mizizi yake minene. Juu kidogo mikindu, maana wasuka mikeka walikuwa wameanza kuifuata mbali. Kisha mikuyu, ambayo haina haja ya kiriba: unakata tawi nene kama mkono, unalilaza kivulini hadi utomvu mweupe ukauke kwenye jeraha, ndipo unalisimika. Wavuvi walidai njia ya mitumbwi, wakaachiwa.

Mvule ndio uliotutoa jasho. Miche yake ikisongamana juani, huja kijidudu kinachofanya majani na ncha kutoka vivimbe, na mche hudumaa au hufa. Mama mdogo huvibinya vivimbe kwa kucha kunionyesha wadudu waliomo ndani. Siku hizi huitawanya miche mmojammoja chini ya kivuli cha miti mingine.

Kuhusu mti wa mhumula tulibishana. Afisa mmoja aliyewahi kufanya kazi Amani, milima ya Usambara, alituonya tusiuguse. Kweli, kule ulipandwa, hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, ukavamia msitu. Lakini kule ni mgeni; Kagera ni kwao, na wazee wamepasua mbao zake tangu zamani. Tukaupanda.

Mikaratusi hatukuing’oa yote. Ipo kilimani, mbali na maji, na nguzo zake ndizo zilizonunua viriba vya kitalu.