Aliyebaki Karakanani

Mla embe humsifu muuzaji, na mara chache humkumbuka aliyeupanda mwembe. Nami nilikuwa katika kundi la walaji hao, mpaka mwaka ule wanafunzi wangu waliponiomba niwaongoze katika kutengeneza filamu ya hali halisi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari Makongeni, katika mji wa Thika. Jina la mtaa wetu lakumbusha makonge, lakini mgeni wa leo hupokewa na maduka, matatu, na mafundi wa kila namna waliopanga kazi zao kando ya barabara. Wanafunzi walichagua kusimulia habari za ndege ya Wilbur na Orville Wright, ndugu wawili waliokuwa na duka la baisikeli mjini Dayton, nchi ya Marekani. Nilikubali upesi, kwani niliidhani kazi nyepesi. Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, injini yake waliinunua wapi?"

Sikujua. Chuoni nilikofunzwa ualimu niliambiwa kwamba mwalimu asiyejua hana aibu akikiri na kutafuta. Basi tukatafuta pamoja. Tuliona kwamba ndugu wale waliviandikia viwanda kadhaa, na hakuna kilichowapa injini nyepesi ya kuwafaa. Kazi ikamwangukia fundi wao, Charles Taylor, aliyezaliwa mwaka 1868 na kuajiriwa nao mwaka 1901 atengeneze baisikeli. Kwa michoro iliyochorwa juu ya vipande vya karatasi, na kwa mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa na zana za mkono, aliikamilisha injini kwa majuma sita. Bamba nene la chuma alilitoboa matundu kufuata mstari, akalikata kwa nyundo na tindo, kisha akalikereza hata likawa mhimili wa kuzungusha injini. Gamba la injini lilisubiwa kwa alumini ili uzito upungue. Nguvu zake zilikuwa za farasi 12 hivi. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, ndege iliruka kwa sekunde 12 na kwenda futi 120. Taylor hakuiona ikiruka. Alikuwa amebaki Dayton kuangalia duka.

Habari tulikuwa nazo, lakini hatukuwa na picha za mikono ikifanya kazi ya namna ile. Nikashauri twende kwa fundi mmoja wa mtaani mwenye mashine ya kukereza vyuma. Alikuwa amenitengenezea baisikeli yangu mara nyingi, na jina lake sikupata kuliuliza. Kijana aliyekuwa mpiga picha wetu, hodari kuliko wenzake wote, alisema kichwa chamwuma, akaomba ruhusa. Tukaenda bila yeye.

Fundi alitupokea kwa heshima. "Karibu, Mwalimu. Huyo mpiga picha wenu ni mwanangu. Hapendi wenzake wamwone hapa, kwa sababu ya mafuta haya." Aliyasema hayo bila hasira, akiifuta mikono yake kwa kitambaa.

Ningalipenda kusema kwamba nilishangaa. Lakini nilikumbuka maneno yangu mwenyewe. Ni mara ngapi nilikuwa nimesimama mbele ya darasa nikamwonya mvivu, "Usiposoma, utaishia kushika spana kando ya barabara!" Kijana yule hakuzaliwa na aibu, alifundishwa, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Fundi akasikiliza habari za Taylor mpaka mwisho, kisha akauliza jambo tusilolifikiri. "Na watu wa nyumbani kwake je? Majuma sita hayo, ni nani aliyemngojea na chakula?"

Tukarudi vitabuni. Tukajua kwamba mkewe aliitwa Henrietta Webbert, na kwamba walioana mwaka 1894. Mtu wa ukoo wake ndiye aliyewapangisha akina Wright jengo la duka lao. Tukajua pia kwamba uzee wa Taylor ulikuwa mgumu. Orville alimwachia katika wasia dola 800 kila mwaka, lakini mwaka 1955 alikutwa katika wodi ya maskini, hospitalini Los Angeles. Watu wa kazi za ndege walichanga fedha ili atunzwe vema, naye akafariki tarehe 30 Januari 1956. Leo huko Marekani siku aliyozaliwa, 24 Mei, huadhimishwa kuwa siku ya mafundi wa ndege.

Kesho yake nilisimama darasani nikayaondoa maneno yangu. Haikuwa rahisi, kwani ulimi uliozoea kuonya huwa mzito kuomba radhi. Sikumtaja kijana yule, wala sikumtazama. Jioni alikuja mlangoni, simu mkononi, akasema, "Mwalimu, picha za jana hazifai. Mwanga ulikuwa nyuma ya mashine. Naweza kuzipiga upya."

Katika filamu yetu mikono ya Taylor ni mikono ya baba yake. Mwishoni yameandikwa majina ya wote waliosaidia: la fundi lipo, na la mkewe, aliyetuletea chai, lipo pia.

Nawe, msomaji kijana, usomapo kwamba fulani alivumbua kitu fulani, uliza ni nani aliyebaki karakanani, na ni nani aliyemngojea nyumbani. Nami siku hizi nipitapo kando ya barabara ile, humwamkia fundi kwa jina lake.