Mchicha wa Kambini

Mwezi Machi 2020, serikali ya Uganda ilipofunga shule na kupiga marufuku magari ya abiria, nyumba za askari nazo zilifungika. Katika kambi moja ya polisi mjini Kampala, mke wa koplo alijikuta na watoto watatu ndani ya unipoti, kile kijumba cha mviringo cha mabati ambacho adhuhuri huwaka kama tanuri. Mumewe alikuwa doria, akisimamia amri ya kutotoka nje tangu saa 1 jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi. Aliporudi alilala kwa mwenzake asiye na watoto, akichelea kuwaambukiza wanawe. Kitindamimba akanyamaza, hata chakula hakikumpita kooni.

Mama huyo hakuwa na shamba. Alitwaa beseni lililotoboka, akalijaza udongo, akapanda mbegu za mchicha, ule waitwao dodo. Mtoto akapewa kazi ya kumwagilia asubuhi na jioni. Siku chache baadaye miche ilichomoza. Mtoto akaihesabu, akawafukuza kuku, akaulizia mvua.

Kila alfajiri baba alisimama mbali, naye mtoto akamtolea taarifa kama askari kwa mkubwa wake: “Afande, majani sita!” Wote wakacheka. Mboga ya kwanza ilipochumwa, sahani ya baba iliwekwa kizingitini.

Mchicha haukuuondoa ugonjwa. Lakini nyumba iliyofungwa yahitaji kitu kinachokua. Na beseni bovu halikosekani kambini.